Kadi ya Kliniki Ikiisha, Shika Kalamu Wewe

Mpaka mtoto anatimiza miaka mitano, kuna nesi anayempima na kuweka nukta kwenye kadi. Baada ya hapo kadi inaingia kabatini. Wengi hatumpandishi tena mtoto kwenye mzani mpaka aumwe, au mpaka sketi ya shule ikatae kufunga. Na hiyo ndiyo miaka ambayo mwili wake unabadilika sana: anarefuka, anavunja ungo au anabalehe, anaanza kujinunulia chakula kwa hela ya shule.

Kazi ya nesi unaweza kuiendeleza nyumbani. Unahitaji mzani, futi ya fundi cherehani, simu yenye kikokotoo na chati moja ya kuchapisha. Dakika kumi zinatosha, kila baada ya miezi sita. Kipimo chenyewe ni BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Hesabu yake ni nyepesi. Kinachowashinda wengi ni kuisoma.

Sahau 18.5 na 25

Hizo ni namba za watu wazima. Ukizitumia kwa mtoto utajidanganya, ama kwa hofu ama kwa faraja isiyo ya kweli.

Chukua BMI ya 20. Kwa mwalimu wa miaka 35, huo ni uzito mzuri. Kwa binti wa miaka 15, yuko karibu kabisa na mstari wa kati wa wenzake. Kwa binti wa miaka 10, huo tayari ni uzito uliozidi. Kwa mvulana wa miaka 6, ni kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi. Namba ni ile ile, majibu ni manne.

Sababu ni kwamba BMI ya mtoto haitulii. Inapanda mwaka wa kwanza, halafu inashuka polepole mpaka kufikia chini kabisa kwenye miaka 5 au 6, kisha inapanda tena hadi utu uzima. Kwa hiyo usishtuke mwanao wa miaka mitano akianza kuonekana mwembamba kuliko alivyokuwa akitambaa. Wengi wanapita hapo. Wa kumwangalia kwa makini ni yule ambaye BMI yake inaanza kupanda mapema, ana miaka mitatu au minne, badala ya kuendelea kushuka.

Anza na urefu

Urefu ndio unaoharibu hesabu, kwa sababu unagawa kwa urefu mara mbili. Kosa dogo la futi linakuwa kosa kubwa la BMI.

Mvue viatu na soksi. Fungua kilemba, kofia au kibanio, na ikiwa nywele zimesukwa kwa kuchongoka juu, tafuta pa kubana mpaka ufikie fuvu. Msimamishe kwenye ukuta usio na ubao wa chini, juu ya sakafu ngumu. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta. Macho yatazame mbele sawasawa, kidevu kisiinuliwe.

Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, ukingo mmoja ukikaa ukutani ili kitabu kisiiname. Piga alama ya penseli chini ya kitabu. Mtoto atoke, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Rudia mara ya pili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu.

Futi ya kitambaa iliyotumika miaka mingi hurefuka. Ilinganishe na rula ya shule kabla ya kuiamini.

Uzito ni rahisi zaidi. Weka mzani juu ya sakafu ngumu, siyo zulia wala mkeka. Hakikisha unasoma sifuri. Mtoto avae nguo nyepesi, bila mkanda, bila simu mfukoni. Asubuhi kabla ya chai ni wakati mzuri, lakini jambo la maana ni kupima wakati ule ule kila mara. Kama huna mzani, mpeleke kituo cha afya au duka la dawa lenye mzani mzuri. Mzani mmoja kila mara ni bora kuliko mizani mitatu tofauti.

Hesabu kwenye simu

Binti ana miaka 10, ana kilo 38 na urefu wa mita 1.38. Andika 38, gawa kwa 1.38, kisha gawa tena kwa 1.38. Unapata karibu 20.

Sasa mpime na viatu vya shule vyenye soli ya sentimita 3. Urefu unakuwa 1.41, na BMI inashuka hadi 19.1. Umemwondolea karibu pointi nzima bila yeye kupungua hata gramu. Ndiyo maana nimekung'ang'ania kuhusu viatu.

Uko Marekani na mzani wako unasoma pauni? Gawa pauni kwa urefu wa inchi, gawa tena kwa urefu huo, kisha zidisha kwa 703.

Andika tarehe na umri kamili, miaka na miezi. Mtoto wa miaka 10 na miezi 11 usimsome kama wa miaka 10.

Sasa fungua chati

Tafuta chati ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya BMI kwa umri, miaka 5 hadi 19. Iko kwenye tovuti yao, haina malipo. Kuna ya wavulana na ya wasichana, usizichanganye. Ukipenda kompyuta, WHO wana programu ya bure iitwayo AnthroPlus inayochora yenyewe.

Chini kuna umri, pembeni kuna BMI. Panda juu kutoka kwenye umri, nenda pembeni kutoka kwenye BMI, weka nukta pale mistari miwili inapokutana. Kisha angalia imeangukia wapi.

Mstari wenye 0 ndio wa kati. Nukta ikiwa kati ya −2 na +1, mtoto yuko kwenye eneo la kawaida, hata kama ni mwembamba kuliko binamu zake. Juu ya +1 ni uzito uliozidi. Juu ya +2 ni kiribatumbo. Chini ya −2 ni ukondefu, na chini ya −3 ni ukondefu mkali.

Mfano wetu wa kilo 38? Kwa binti wa miaka 10, mstari wa +1 uko kwenye 19.0 na wa +2 uko kwenye 22.6. Yeye ana 20. Amevuka wa kwanza, bado yuko mbali na wa pili. Kwa mvulana wa umri huo mistari hiyo iko 18.5 na 21.4. Wakifika miaka 15, +1 ya msichana ni 23.5 na ya mvulana ni 22.7. Unaona jinsi mistari inavyopanda pamoja na mtoto.

Chini ya miaka mitano kanuni ni nyingine: uzito uliozidi unahesabiwa juu ya +2, na kiribatumbo juu ya +3. Huko endelea na kadi ya kliniki na uwaachie wahudumu waisome.

Watu huniuliza kama chati hizi ni za Wazungu. Viwango vya WHO vya watoto chini ya miaka mitano, vilivyotoka mwaka 2006, vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Waliolelewa vizuri walikua kwa namna inayofanana sana, kote huko. Chati ya miaka 5 hadi 19, ya mwaka 2007, imejengwa zaidi juu ya data za zamani za watoto wa Marekani, ikaunganishwa vizuri na ile ya wadogo. Si kamilifu. Lakini ndiyo inayotumika sehemu nyingi za dunia, na kwa kazi yako ya nyumbani inatosha.

Kama familia iko Marekani, daktari atakupa jibu kwa pasentaili, yaani nafasi ya mtoto kati ya wenzake mia. Pasentaili ya 5 hadi chini ya 85 ni kawaida, 85 hadi chini ya 95 ni uzito uliozidi, 95 na kuendelea ni kiribatumbo. Kule Uingereza, hasa England, shule huwapima watoto wakiwa na miaka 4 hadi 5 na tena 10 hadi 11, na barua huweza kuja nyumbani. Chati zao zinatofautiana kidogo na za WHO. Usihame kutoka chati moja kwenda nyingine katikati ya safari, kwa sababu mtoto anaweza kuonekana amebadilika wakati hajabadilika.

Nukta moja haisemi mengi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanapima mara moja, wanaogopa au wanafurahi, wanasahau.

Weka nukta mbili, tatu, nne. Unganisha. Mtoto ambaye siku zote amekuwa akitembea karibu na mstari wa −1 na anaendelea nao, huyo ndivyo alivyo. Mwache. Mtoto aliyekuwa kwenye 0 mwaka juzi, akawa +1 mwaka jana, na sasa anaelekea +2, huyo anakuambia kitu hata kabla hajaufikia mstari. Vivyo hivyo anayeshuka.

Usipime kila wiki. Uzito wa mtoto hupanda na kushuka kwa maji, choo na chakula cha jana. Utamfanya mtoto auogope mzani, na hutajifunza lolote. Miezi sita inatosha. Ikiwa kuna jambo mnalifuatilia, miezi mitatu.

Kipindi cha kubalehe kina fujo zake. Wasichana wengi huanza kurefuka kwa kasi kati ya miaka 10 na 12, wavulana miaka miwili baadaye. Wengine hunenepa kwanza, ndipo wanarefuka. Mpe nafasi ya kipimo kimoja au viwili kabla ya kubadilisha mambo nyumbani, isipokuwa nukta tayari imevuka +2.

Chora na urefu pia

Hili kwetu ni la lazima. BMI haimwoni mtoto aliyedumaa. Mtoto mfupi sana kwa umri wake anaweza kuwa na BMI nzuri kabisa, kwa sababu uzito mdogo umegawanywa kwa urefu mdogo. Chapisha chati ya urefu kwa umri, ambayo nayo iko kwenye tovuti ile ile, na uweke nukta zote mbili siku moja.

Faida ya pili: urefu unakuonyesha lini unene si suala la chakula tu. Watoto wengi wenye uzito mkubwa wa kawaida huwa warefu kidogo kuliko wenzao. Akiongezeka unene huku urefu umesimama, kunaweza kuwa na tatizo la homoni. Huyo aende kwa daktari.

Na kuna kipimo cha uzi. Kata uzi uliolingana na urefu wa mtoto, ukunje katikati, umzungushie kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zikikutana bila kuvuta, kiuno hakijazidi nusu ya urefu, vizuri. Zisipokutana, huenda mafuta ya tumboni yamezidi. Taasisi ya NICE ya Uingereza imependekeza kipimo hiki kiongezwe kwenye BMI kwa watoto wa kuanzia miaka 5. Kinamsaidia hasa kijana mwanamichezo, ambaye BMI yake inaweza kuwa juu kwa sababu ya misuli.

Nukta iko juu: fanya haya

Usimpunguze mtoto uzito kwa kumnyima chakula. Mara nyingi huna haja hata ya kumpunguza. Anakua, na urefu utakufanyia kazi kubwa.

Rudi kwa binti yetu. Ana kilo 38 na mita 1.38. Mwaka ukipita, ana miaka 11, amefika mita 1.44 na ameongeza kilo 2 tu. BMI yake sasa ni 19.3, na mstari wa +1 kwa umri huo ni 19.9. Amerudi eneo la kawaida huku akiwa mzito kuliko mwaka jana. Lengo lako ni hilo: uzito uende taratibu, urefu uuache nyuma.

Anza na vinywaji. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, karibu vijiko 8 vya chai. Juisi za pakiti nyingi haziko mbali, na juisi ya ukwaju au embe ya nyumbani inategemea mkono wa aliyetia sukari. Weka maji mezani. Soda iwe ya sikukuu. Chai punguza kijiko kimoja mwezi huu, kingine mwezi ujao. Fanyeni nyumba nzima, baba akiwemo.

Kisha sahani. Usiondoe ugali wala wali, upunguze, na nafasi yake ijazwe mchicha, kisamvu, sukuma wiki, kachumbari, maharage. Pakua jikoni badala ya kuweka sufuria mezani. Chipsi mayai, viazi karai, mandazi na kachori hazina haja ya kupigwa marufuku. Zihamishe kutoka kila siku kwenda siku moja ya wiki ambayo mtoto anaijua.

Hela ya shule ichunguze kwa upole. Muulize ananunua nini mapumziko. Ukimfungia karanga, ndizi au kiazi kitamu cha kuchemsha, mpunguzie hela kidogo, siyo yote. Ukimnyang'anya yote atakopa kwa wenzake.

Mwili ucheze dakika 60 kwa siku, ndivyo WHO wanavyoshauri kwa miaka 5 hadi 17. Si lazima ziwe za mfululizo. Kutembea kwenda shule kwa haraka kunahesabika. Rede, kuruka kamba, mpira, kuogelea, kucheza muziki sebuleni, vyote vinahesabika. Na hapa nisikilize vizuri kuhusu binti: mara nyingi akivunja ungo anaondolewa uwanjani na kubaki jikoni, wakati kaka yake anaendelea na mpira. Mnunulie sidiria ya michezo na pedi za kutosha, mrudishe uwanjani.

Usingizi nao ni sehemu ya uzito. Miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12, miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kama basi la shule linapita saa kumi na moja alfajiri, hesabu kurudi nyuma na uone anapaswa kulala saa ngapi. Simu ilale sebuleni.

Nukta iko chini: fanya haya

Kabla ya kuongeza chakula, tafuta kwa nini. Je, anakula shuleni au hela anaitumia kwingine? Anakaa bweni na chakula hakimtoshi? Lini alikunywa dawa ya minyoo? Ana kikohozi kisichoisha? Kijana anayekwepa kula na watu, anayeenda chooni kila baada ya mlo, au anayesema ni mnene wakati mbavu zinaonekana, huyo anahitaji msaada wa daktari na wa mshauri, si wa kijiko.

Kisha ongeza nguvu ndani ya chakula kile kile. Uji uwe mzito, tia siagi ya karanga au maziwa. Dagaa wa kusaga ndani ya mboga. Yai. Parachichi pembeni ya ugali. Kijiko cha mafuta kwenye maharage. Milo mitatu na vitafunio viwili, kwa sababu tumbo dogo halishibi kwa mlo mmoja mkubwa.

Vidonge na syrup za kunenepesha, zile zinazouzwa mitandaoni na kwenye baadhi ya maduka, kaa mbali nazo kabisa. Baadhi zina dawa kali kama dexamethasone. Mtoto anavimba uso, nyumba inafurahi amenawiri, huku ndani sukari na presha vinaharibika. Chai za kupunguza tumbo ni vivyo hivyo. Mtoto hapewi.

Maneno yako mbele ya mzani

Mpime mahali pa faragha. Usitangaze namba mbele ya wageni. Usimwite bonge, tipwatipwa wala kimbaombao, hata kwa utani, na shangazi akianza mzuie pale pale: "Shangazi, hilo jina hatulitumii kwa mtoto huyu." Mtoto anayechekwa kwa mwili wake hujificha, na mtoto anayejificha hula kwa siri.

Zungumza naye kuhusu nguvu, usingizi, kasi uwanjani. Kijana wa miaka 13 na kuendelea mpe kalamu achore nukta mwenyewe. Mfundishe kuisoma chati. Akiielewa, hatamwamini rafiki anayemwambia afunge siku tatu.

Usisubiri miezi sita kama unaona haya

Mtoto anapungua haraka huku anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, au ameanza tena kukojoa kitandani: mpeleke hospitali leo hii, apimwe sukari. Inaweza kuwa kisukari, na hakisubiri.

Miguu imevimba, na ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki: hospitali leo, hata kama mzani unasoma vizuri. Uvimbe una uzito wake, na unaficha utapiamlo.

Mtoto mnene anayechechemea au kulalamika nyonga au goti linauma: asikanyagie mguu huo, aonwe na daktari haraka. Mfupa wa nyonga unaweza kuwa umeteleza.

Ngozi ya shingoni au kwapani imekuwa nyeusi na nene, na ukiisugua haitoki: huo si uchafu. Ni dalili kwamba mwili unahangaika na insulini. Panga miadi. Vivyo hivyo kwa anayekoroma na kukata pumzi usingizini, na kwa nukta yoyote iliyovuka +2 au kushuka chini ya −2. Chini ya −3, nenda bila kuchelewa.

Siku ya miadi beba chati zote mbili zenye nukta zako, kadi ya zamani ya kliniki, na karatasi uliyoandika mtoto alichokula na kunywa kwa siku tatu, vya shuleni vikiwemo. Mwombe daktari ampime urefu na uzito tena mbele yako, bila viatu, na umwambie aweke nukta yake kwenye chati yako.